Paka Anayelia Kupita Kiasi Nyumbani: Namna ya Kujua Anachotaka

Paka aliyekomaa huwalilia binadamu zaidi kuliko anavyowalilia paka wenzake. Mtoto wa paka humlilia mamake akiona njaa, baridi au upweke, lakini akishakua, mawasiliano yake na paka wengine hutegemea zaidi harufu, mkia, masikio na mkao wa mwili, na sauti huitumia hasa wakati wa ugomvi, wa kutafuta mwenza na wa kulea watoto. Ule mlio wa kila siku tunaousikia jikoni na mlangoni umebaki kwa ajili yetu, kwa kuwa paka hujifunza mapema kwamba sisi hatusomi mkia wala harufu, ila tukisikia sauti tunageuka. Kwa hiyo mtu ambaye paka wake analia mchana kutwa na usiku kucha aanze kwa kukubali kwamba mnyama huyo ana haja fulani, na kwamba kumkemea, kumrushia kandambili au kumfungia nje hakutaiondoa haja hiyo.

Mwongozo huu unazingatia namna tunavyofuga paka hapa Uganda. Wengi wao hawakununuliwa. Waliombwa kwa jirani ili wapunguze panya, wanakula masalio ya chakula cha watu, hawajahasiwa, na wengi hawajawahi kuguswa na daktari wa mifugo. Hali hizo hubadilisha sana mpangilio wa sababu. Paka wa Ulaya anayeishi ndani maisha yake yote, aliyehasiwa na kulishwa chakula cha kopo, akilia sana watu wataanza kumshuku kwa upweke na kukosa cha kufanya. Kwetu mimi ningeanza na maradhi, kisha uzazi, kisha sahani yake, na baada ya hapo ndipo ningetazama tabia zetu sisi wenye nyumba.

Anza na ugonjwa

Kilio cha kuogopwa ni kile kilichobadilika ghafla. Paka aliyekuwa mkimya kwa miaka akianza kulia, au mpiga kelele wa siku zote akianza kulia kwa sauti nyingine, nzito au ya kukwaruza, mchunguze siku hiyo hiyo. Tazama anavyokula, anavyokunywa, anavyokwenda haja, anavyopanda juu ya kiti. Mguse taratibu kuanzia kichwani hadi mkiani uone ni wapi anaposhtuka. Paka wanaotoka usiku hupigana, na jeraha dogo la jino huziba juu huku chini likitunga usaha, hata siku chache baadaye ukakuta uvimbe wenye joto shavuni au karibu na mkia. Meno mabovu nayo humfanya aijie sahani kwa hamu, aonje, kisha arudi nyuma akilia.

Dharura inayopita nyingine zote ni ya paka dume anayelia akiwa kwenye beseni la mchanga. Mwangalie kwa makini. Anaingia, anachuchumaa, anakunja mgongo na kukaza tumbo, mkia unatetemeka, na akitoka unakuta mchanga ni mkavu au una matone machache tu, pengine yenye damu. Anakaa pembeni akijilamba sehemu za siri, na baada ya dakika chache anarudi pale pale, safari hii akilia kwa sauti ya chini inayovutwa. Wenye nyumba wengi hudhani amefunga choo, wakampa kijiko cha mafuta ya kupikia na kusubiri asubuhi. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba, na huweza kuzibwa na ute au chembechembe zinazofanana na mchanga laini. Mkojo ukishindwa kutoka, uchafu hurudi kwenye damu, figo huelemewa, na mnyama huweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Huyo hangojewi asubuhi. Usimminye tumbo kwa nia ya kumsaidia, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Mpeleke kwa daktari, na kama ni usiku, piga simu kila mahali mpaka apatikane mmoja.

Hali nyingine ambazo hazihitaji kusubiri ni kupumua kwa mdomo wazi, kutokula chochote kwa siku mbili, kutapika mfululizo, na kilio kinachoandamana na kutetemeka au kudondosha mate. Dalili hizi mbili za mwisho mara nyingi ni za sumu, na sumu nyingine huingizwa na sisi wenyewe. Dawa ya kuua kupe na viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe au mbwa isipakwe paka hata ikiwa imezimuliwa, kwa kuwa dawa nyingi za aina hiyo zina viambato kama pemetrini ambavyo mwili wa paka hauwezi kuvivunja. Vivyo hivyo parasetamoli: kidonge kimoja cha Panadol alichopewa kwa huruma kinaweza kumuua, kwani huharibu uwezo wa damu yake kubeba hewa, na ufizi wake hugeuka rangi ya udongo. Ukimwona paka analia kwa maumivu, usimpe dawa yoyote ya binadamu.

Kuna pia kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado upo nchini mwetu na ambao paka huupata kwa kung'atwa. Paka mpole aliyegeuka mkali bila sababu, sauti ikabadilika, mate yakamtoka na miguu ya nyuma ikalegea, asishikwe na mtu. Mfungie chumbani, watoto wakae mbali, na umjulishe daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha linaonekana dogo. Paka mwenyewe huweza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na chanjo hiyo hurudiwa kadiri daktari atakavyoelekeza.

Andika saa, mahali na kilichofuata

Ikiwa paka anakula vizuri, anakojoa vizuri na hana jeraha, chukua daftari au simu, na kwa wiki moja andika mambo matatu kila anapolia kwa muda mrefu: ilikuwa saa ngapi, alikuwa amesimama wapi, na wewe au mtu mwingine wa nyumbani alifanya nini baada ya hapo. Hili la tatu ndilo watu hulisahau, na mara nyingi ndilo lenye jibu. Sauti yenyewe haitoshi. Paka mmoja hulia kwa sauti ile ile akitaka chakula na akitaka mlango ufunguliwe, na mwenye nyumba hudhani anaitambua sauti kumbe anachokitambua ni saa na mahali. Mlio wa saa moja jioni mbele ya jiko na mlio wa saa nane usiku mbele ya dirisha ni madai mawili tofauti, hata kama sikio halioni tofauti.

Jike anayetafuta dume

Kwa paka jike ambaye hajafungwa kizazi, sababu hii ndiyo ya kushukiwa kwanza, na nchini kwetu ina jambo ambalo miongozo ya nchi za mbali haituelezi vizuri. Mwili wa paka jike hufuata urefu wa mchana. Katika nchi zenye majira ya baridi, mchana unapokuwa mfupi majike wengi hupumzika miezi kadhaa bila kuingia joto, yaani bila kutaka dume, kisha huanza tena mwanga unapoongezeka. Sisi tumekaa juu ya ikweta, ile inayokatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa hiyo jike wa Uganda hana majira ya mapumziko. Anaweza kuingia joto mwezi wowote, Januari kama Julai, na mwenye nyumba anayengoja msimu upite atangoja bure.

Joto la kwanza huweza kuja akiwa bado mdogo, hata miezi minne au mitano, wakati ambapo watu wa nyumbani wangali wanamwita mtoto. Dalili zake zikishajulikana hazimpotei mtu. Hulia kwa sauti ndefu ya kuvutwa, hasa usiku, akienda kutoka mlangoni hadi dirishani. Hujisugua kwenye miguu ya meza na ya watu kuliko kawaida yake, hujigaragaza sakafuni, na ukimpitishia mkono mgongoni hushusha kifua, huinua sehemu ya nyuma, hupeleka mkia upande mmoja na kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma. Wengi wakiona hivyo hudhani ameumia kiuno au amelishwa sumu. Hana maumivu ya namna hiyo, na haja yake ni moja tu.

Hali hiyo hudumu wiki moja hivi. Kwa kuwa kwa kawaida yai la paka halitoki mpaka apandwe, jike asiyepata dume hutulia kwa muda mfupi tu, kisha joto hurudi wiki mbili au tatu tangu lile la kwanza lilipoanza, na kilio kikaanza upya. Ndiyo maana kumfungia ndani kunazuia mimba lakini hakuleti usingizi. Akipandwa, atatoa ukelele mkali na kumgeukia dume kwa makucha, jambo ambalo ni la kawaida kwa paka, na baada ya siku 63 hadi 65 hivi utakuwa na watoto wanne au watano wa kutafutiwa nyumba. Tena anaweza kushika mimba nyingine kabla hata hajamaliza kuwanyonyesha hao.

Dawa ya kudumu ni upasuaji wa kufunga kizazi, ambao madaktari wengi huufanya kuanzia miezi minne hadi sita ya umri. Si lazima azae kwanza. Imani hiyo ni ya zamani na haina faida yoyote kwa afya yake. Ikiwezekana, mpeleke wakati hayuko kwenye joto, kwa maana akiwa kwenye joto mishipa ya damu ya kizazi huwa imejaa na upasuaji huhitaji uangalifu zaidi. Nasisitiza hapa jambo linalonihuzunisha kila ninapolisikia: wapo wanaowapa paka vidonge au sindano za uzazi wa mpango za binadamu kwa sababu ni rahisi kupatikana. Homoni hizo zikitumiwa ovyo huleta usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti, na paka aliyeokolewa gharama ya upasuaji mmoja huishia kuhitaji upasuaji mkubwa zaidi, au kufa.

Dume naye huitikia wito. Shume la mtaa likisikia jike aliye kwenye joto huja kukaa juu ya mabati, na dume wako wa ndani hulia akitaka kutoka, hunyunyiza mkojo kwenye mapazia na kupigana akirudi. Kumhasi hupunguza sana mambo hayo, ingawa homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini, kwa hiyo usihukumu matokeo siku ya pili.

Sahani yake

Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya, na wataalamu wa lishe ya wanyama hawana la kubishana nao. Paka ni mla nyama halisi. Mwili wake unahitaji protini ya wanyama na kiambato kiitwacho taurini, ambacho hupatikana kwenye nyama na samaki na hakipatikani kwenye nafaka. Akikikosa kwa muda mrefu moyo na macho yake huharibika. Paka anayepewa posho, yaani ugali, iliyolowekwa kwenye mchuzi asubuhi na jioni huweza kuonekana ana tumbo lililojaa huku mwili wake ukiwa na njaa, naye atakaa karibu na jiko akilia kila sufuria linapofunguliwa. Huyo si mlafi wala hajadekezwa.

Kwa bahati nzuri, tiba haihitaji chakula cha dukani cha bei kubwa. Mukene, yaani dagaa, waliokaushwa, wakioshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi, humfaa vizuri. Vichwa na mabaki ya sangara yaliyochemshwa na kuondolewa miiba mikubwa, maini kidogo, na moyo au nyama ya kuku ni vyakula ambavyo soko lolote la Kampala, Jinja au Arua linavyo. Badilisha badilisha, usimpe samaki peke yake au maini peke yake kila siku. Kama ni lazima uchanganye na posho, posho iwe kidogo na samaki awe mwingi. Kitunguu maji na kitunguu saumu visiwemo, kwa kuwa huharibu chembe za damu yake, na hivyo mchuzi wa binadamu uliokwisha kuungwa haumfai. Maziwa nayo, ambayo wengi huyaona kama haki ya paka, huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi yanatosha, na yawekwe mbali kidogo na beseni la mchanga. Minyoo pia humfanya ale sana na kukonda, hasa paka anayekula panya na kutembewa na viroboto, kwa hiyo muulize daktari kuhusu dawa ya minyoo kabla ya kuongeza chakula.

Kilio tulichomfundisha sisi

Sababu hii inahitaji uvumilivu kuliko zote, maana hapa hakuna wa kulaumiwa ila mazoea ya nyumba. Chukua mfano wa nyumba ya Waislamu, pale Bombo au Kibuli, katika mwezi wa Ramadhani. Familia inaamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya daku. Taa inawashwa, sufuria zinagongana, paka anakuja jikoni na kulia mara moja, na mama anamtupia kipande cha samaki. Kesho yake inakuwa hivyo hivyo, na siku inayofuata pia. Idi inapita, watu wanarudi kulala hadi alfajiri ya kawaida, lakini paka hana kalenda: saa kumi anasimama mbele ya mlango wa chumba cha kulala na kulia. Baba anavumilia robo saa, kisha anaamka kwa hasira na kumpa chakula ili wapate usingizi. Kwa tendo hilo moja paka amejifunza kwamba kulia robo saa kunalipa, na usiku unaofuata hatachoka kabla ya robo saa kutimia.

Mfano wa daku upo katika kila nyumba kwa sura nyingine: mtoto anayemtupia paka tonge chini ya meza, msaidizi wa kazi anayemfungulia mlango kila akipiga kelele, mgeni anayemnyanyua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza, wakiongozwa na Karen McComb, walionyesha mwaka 2009 kwamba baadhi ya paka wanapoomba chakula huchanganya mkoromo wao wa kawaida na mlio wa juu uliokaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na watu waliousikiliza waliuona una haraka zaidi na hauwapi raha. Ni vigumu kuupuuza, na hapo ndipo penye nguvu yake.

Njia ya kutoka ni kutenganisha kilio na malipo. Usimpe chakula dakika unayoamka. Amka, swali au oga, chemsha chai, kisha mlishe saa ile ile kila siku, na afadhali kabla hajaanza kulia kuliko baada. Mpe mlo wa mwisho usiku, karibu na wakati wa kulala kwenu, na kabla ya mlo huo mchezeshe kwa kamba au kijiti chenye manyoya mpaka aheme, kwa kuwa desturi ya paka ni kuwinda, kula, kujilamba na kulala. Kumbuka pia kwamba kwa maumbile yake paka huchangamka zaidi kunapopambazuka na jua linapozama, nyakati ambazo kwetu hazibadiliki sana mwaka mzima. Kwa hiyo kilio kidogo kuelekea saa kumi na mbili asubuhi ni cha kawaida, na huwezi kukimaliza chote.

Akilia kwa ajili ya mazoea, na una hakika ni mazoea, usimwangalie, usimsemeshe, usimkaripie. Karipio nalo ni jibu, na kwa paka mpweke ni afadhali kukaripiwa kuliko kunyamaziwa. Akinyamaza hata kwa muda mfupi, hapo ndipo umsemeshe kwa upole. Jiandae kwa jambo moja: siku za mwanzo kilio kitazidi kabla ya kupungua, kwa sababu mbinu iliyomsaidia siku zote imegoma ghafla naye anaijaribu kwa nguvu zaidi. Wengi hushindwa hapo. Ukikubali usiku wa nne baada ya kuvumilia mitatu, umemfundisha kuvumilia zaidi yako, na ingekuwa bora usingeanza. Tena ni lazima nyumba nzima iafikiane, pamoja na watoto na bibi, kwa maana mtu mmoja anayempa kwa siri huyavunja yote.

Anayefungiwa na anayefungwa

Watu wengi mjini wanaishi katika chumba kimoja au viwili vya kupanga, zile nyumba tunazoziita mizigo, na paka hufungiwa humo tangu asubuhi hadi mwenyeji arudi kutoka kazini. Paka hulala sehemu kubwa ya mchana, kwa hiyo kufungiwa peke yake si dhuluma ikiwa ana maji, beseni la mchanga lililosafishwa na mahali pa juu pa kukaa akitazama nje. Ubao ulioegemezwa karibu na dirisha lenye wavu humtosheleza kwa saa nyingi. Mukene wachache waliofungwa ndani ya karatasi na kufichwa chumbani humpa kazi ya kutafuta. Beseni chafu, kinyume chake, humliza paka asiyependa kulitumia. Toa kinyesi kila siku, na kama huna mchanga, maranda ya seremala yasiyo na dawa yanafaa.

La kufungwa kamba ni jambo jingine. Katika maduka na ghala nyingi utamwona paka aliyefungwa kamba shingoni karibu na magunia ya mahindi ili afukuze panya, naye analia siku nzima, sauti imekauka, na kamba imemchubua. Paka aliyefungwa hawezi kuwinda, hawezi kukimbia mbwa, na akiruka kutoka juu anaweza kujinyonga. Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Kilio cha paka huyo kina tiba moja: fungua kamba. Kama unaogopa atatoroka, mfungie ndani ya chumba chenye chakula na maji kwa wiki mbili hadi nne mpaka apazoee, kisha mfungulie wakati wa njaa, karibu na saa ya mlo wake, naye atarudi. Utaratibu huo huo ndio wa kufuata mnapohamia nyumba mpya, ambako paka hulia kwa sababu harufu yote aliyoijua imetoweka. Mpe kitambaa au boksi lake la zamani bila kulifua.

Mtoto wa paka aliyeachishwa mapema naye atalia usiku kucha. Kwetu ni kawaida kumwomba mtu paka akiwa na umri wa mwezi mmoja, lakini anahitaji kukaa na mamake hadi wiki nane angalau. Kama umekwisha kumchukua, mpe joto, mlo mdogo mara nne au zaidi kwa siku, na alale karibu na watu. Mama aliyenyang'anywa watoto pia huwaita siku kadhaa, wakati mwingine akiwa amebeba panya mdomoni, kwa sauti ya kuzibwa, mvumilie.

Paka mzee

Paka akipita miaka kumi, kilio kipya kisihesabiwe kuwa uzee tu. Tezi ya shingoni iitwayo thairoidi ikifanya kazi kupita kiasi humfanya ale sana, akonde na kulia bila utulivu. Figo zikichoka hunywa maji mengi na kukojoa mno, na shinikizo la damu likipanda huweza kumpofua ghafla. Aliyepungukiwa kusikia hulia kwa sauti kubwa kwa kuwa hajisikii, na aliyeanza kupotewa na kumbukumbu husimama gizani akiutazama ukuta na kuita. Mwachie taa ndogo, usimhamishie sahani wala beseni, na mwite kwa kumgusa.

Majirani na usiku

Bado wapo wanaoamini kwamba paka anayelia usiku ametumwa, au anatangaza msiba, na kwa imani hiyo paka wengi hupigwa mawe au kuwekewa sumu. Ukijua kinachofanyika juu ya bati, hofu hiyo haina mahali pa kushika: aghalabu ni mashume mawili yanayotishana kabla ya kupigana, au jike anayeita. Mweleze jirani hivyo kwa adabu kabla hajachukua hatua, mwahidi kwamba unampeleka paka wako kufanyiwa upasuaji, na utimize. Sumu iliyowekewa paka mmoja huua pia kuku na mbwa wa mtaa, na mtoto anaweza kuiokota.

Unapokwenda kwa daktari

Chuo Kikuu cha Makerere hufundisha madaktari wa mifugo, na Kampala na miji mikubwa ina kliniki binafsi zinazotibu paka. Wilayani anza na afisa mifugo. Kazi yake kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo muulize waziwazi kama amewahi kumfanyia paka upasuaji na anatumia dawa gani ya usingizi. Mwenye ujuzi hatakasirika, na asiyekuwa nao atakuelekeza kwa mwenzake. Rekodi kilio kwa simu ukiwa nyumbani, maana paka wengi hunyamaza wakifika kliniki, na uchukue lile daftari la wiki moja. Msafirishe ndani ya kikapu chenye kifuniko kilichofungwa au boksi gumu lenye matundu, kamwe si ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) wala mikononi juu ya boda boda. Kama ni upasuaji uliopangwa, uliza mapema ni saa ngapi aache kula. Kwa paka mkubwa kawaida ni tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, lakini mtoto wa paka asikae na njaa muda huo wote. Paka mkubwa atalia usiku huo akiidai sahani yake, na usiku huo usimpe.